Ijumaa ya Mwalimu Faudhia

Nakutegea, ukae sawa: apigwaye ni mmoja, wanaotoka jasho ni wengine. Ni nani huyo? Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Kisarawe? Haya, nimekwenda Kisarawe nimekula mihogo yake kwa nazi, sikubakiza hata ya paka. Jibu ni ngoma. Na ngoma ndiyo iliyomponza Mwalimu Faudhia.

Faudhia alizaliwa Tumbi, mama yake muuguzi. Alipopata ajira akapangiwa shule ya msingi mbele ya Maneromango, afundishe sanaa. Ana miezi minne tu, hata kuthibitishwa kazini bado. Kipindi chake cha nyimbo na ngoma kilikuwa kimoja, Ijumaa saa nne, darasa la tano, na wiki nzima aliishi akikisubiri.

Ijumaa moja akawafundisha wimbo mpya. Watoto wakaudaka upesi, wavulana wanaitikia, wasichana wanapiga makofi. Bi Mwanajuma, mpishi wa uji, akausikia kutoka jikoni. Mwiko ukamdondoka. Akaja mbio hadi mlangoni, kanga ya kichwani imeangukia mabegani.

"Mwalimu! Nyamazisha watoto!"

Maana Bi Mwanajuma ndiye kungwi wa kijiji, na wimbo ule ni wa mwali. Huimbwa ndani, wanawake watupu. Mwanamume hausikii, sembuse kuuitikia.

Jua halijatua, habari zilikuwa zimefika kila kibaraza. Mwalimu mkuu, Evodius, ambaye siku nyingi alikimezea mate kipindi kile, akamwita Faudhia ofisini. Barua ilikuwa tayari: Faudhia aombe radhi, akiri kwamba ngoma haina faida shuleni, na Ijumaa saa nne iwe mazoezi ya hisabati.

"Saini hapa yaishe. Ukikaidi, ujue mimi ndiye nitakayeandika kama unafaa kuthibitishwa au hufai. Unasaini?"

Faudhia akaitazama kalamu. Akaiacha pale pale juu ya barua.

"Jumatatu, basi," akasema Evodius. "Utanijibu mbele ya kamati ya shule."

Jumamosi asubuhi Faudhia akaenda kwa Bi Mwanajuma, akamkuta uani anamenya mihogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa. Wimbo ule nani kakupa?"

"Bibi yangu, wa Mbwawa. Alikuwa anauimba akikuna nazi. Miaka yote nilijua ni wimbo wa nazi."

Bi Mwanajuma akamkazia macho. Midomo ikamcheza, mara akaangua kicheko mpaka kisu kikamtoka mkononi.

"Wa nazi! Jamani, wa nazi! Bibi wa watu alijiona yuko peke yake jikoni, kumbe kajukuu kametega sikio!" Akafuta machozi, uso ukakaza. "Lakini umetuvua nguo, mjukuu wangu."

"Nimekosa, bibi. Radhi nitaomba. Ila barua inataka na kipindi kife."

"Kife kwa nini? Mwaka juzi niliunguza uji wa shule nzima. Nilitukanwa, nikatukanika. Jiko lilibomolewa?"

"Hapana."

"Sasa unaogopa nini? Menya muhogo huo nikufundishe wimbo wa kulima. Huo hata mbuzi akiusikia hakuna ubaya. Na kesho ulete ngoma zako. Nasikia unazipiga hivyo hivyo, hazijaota moto. Ndiyo maana zinalia kama debe bovu."

Siku mbili akashinda pale. Akajua kuwasha makuti makavu, kuigeuza ngoma taratibu hadi ngozi ikaze, na kuiondoa kabla haijapasuka. Akajua pia kuuliza: wimbo huu huimbwa wapi, na nani haruhusiwi kuusikia?

Jumatatu kamati ikakaa. Faudhia akasimama.

"Nilifundisha wimbo nisioujua kwao. Nawaomba radhi wazazi wangu, hasa akina mama."

"Tumekusikia, mwanetu," akajibu mama mmoja. Mwenyekiti, Mzee Abdala, akatikisa kichwa kukubali.

Evodius hakuridhika. "Radhi haitoshi. Ngoma ndiyo iliyotuaibisha. Watoto wakacheze kwao."

"Kwao wapi?" Bi Mwanajuma akadakia kutoka nyuma. "Kwao tumebaki wawili watatu tunaojua, na magoti yamekwisha. Huyu afundishe, mimi nitakaa pembeni yake kila Ijumaa. Akikosea nitamfinya."

Watu wakacheka. Evodius akaisukuma barua, kalamu juu yake, mpaka ukingoni mwa meza.

"Mpishi haandiki ripoti, naandika mimi. Mwalimu Faudhia, nilikuuliza Ijumaa, nakuuliza tena. Unasaini?"

Faudhia akaiwaza ile ripoti. Akamwaza mama yake, aliyeitangazia wodi nzima kwamba binti kapata kazi ya serikali. Akaichukua kalamu, akaifunika kifuniko chake, akamrudishia mwalimu mkuu kwa mikono miwili, kama apewavyo mkubwa.

"Sisaini, mwalimu mkuu. Andika utakavyo."