Supu Aliyoipenda Demetria

Demetria alipata kiharusi mwezi wa pili, akiwa anasahihisha madaftari ya darasa la sita mezani kwake. Upande wa kulia ukalegea, na maneno yakamwishia kabisa. Alilazwa wiki tatu. Aliporudi nyumbani Goba, aliweza kuitikia na kukataa kwa kichwa, na kutumia mkono wa kushoto kidogo kabla haujachoka.

Mumewe, Revelian, alikuwa karani wa mahakama aliyestaafu. Katika miaka thelathini na tatu ya ndoa hakuwahi kupika hata uji. Kwao Bukoba wanaume wa rika lake hawakuingia jikoni, naye hakuona sababu ya kuanza alipohamia Dar. Binti yao pekee, Koku, alikuwa mkunga Mwanza. Alikuja akauguza mwezi mzima, likizo ikaisha, akarudi kazini. Wakabaki wawili.

Muuguzi mmoja, Tusajigwe, alikuwa akija kila Jumatatu na Alhamisi kumnyoosha mgonjwa viungo. Ndiye aliyemweleza Revelian masharti ya chakula.

"Kiwe laini na kizito, mzee. Ukimpa cha majimaji atapaliwa. Akae wima anapokula. Na uji peke yake hautoshi, mwili unaisha. Mpikie samaki, umponde na viazi."

Revelian akanunua sato. Nyumbani kwake hakuliwa samaki mwingine. Tangu walipooana alikuwa amesema kwamba wa baharini ana shombo, na kwamba hataki shombo hiyo ndani ya nyumba yake. Akamchemsha sato kwa chumvi, akamponda kwa uma na viazi, akamkalisha mkewe wima, akaanza kumlisha.

Kijiko cha tatu kilikuwa na mwiba.

Demetria alikohoa mpaka macho yakamtoka. Revelian alimwinamisha mbele, akampiga mgongoni. Mwiba ulitoka na tone la damu. Kuanzia hapo Demetria alipoona bakuli lenye samaki alifumba mdomo. Siku mbili alikubali uji tu, na kwa shida.

Siku ya tatu Revelian alikwenda kununua sukari kwenye duka la Masoud, nyumba ya nne kutoka kwao. Masoud hakuwepo. Aliyekaa dukani ni mkewe, Bahiya.

"Shemeji, mwalimu anaendeleaje kula?" Bahiya aliuliza.

Revelian akamsimulia habari ya mwiba. Bahiya alisikiliza, mkono juu ya mzani.

"Nikikwambia kitu hutokasirika?"

"Sema."

"Mwalimu hapendi sato. Hajawahi kumpenda. Anapenda supu ya samaki wa baharini, ile ya nyanya na kotimiri. Kila Ijumaa akitoka shule alikuwa anapitia kwangu tunakula wote, halafu ndiyo anakuja kwako kupika. Mwaka wa tisa huu."

Revelian alirudisha pesa mfukoni.

"Alisema hutaki shombo ndani. Kwa hiyo alikuwa anapiga mswaki hapa kwangu kabla hajatoka. Mswaki wake bado upo bafuni."

Revelian alirudi nyumbani bila sukari. Njiani alikuwa na hasira, kama mtu aliyeambiwa kwamba mkewe ana nyumba ya pili. Alipofika alimkuta Demetria amelala, mdomo umeelemea upande mmoja. Akakaa kwenye kiti kando ya kitanda. Alijaribu kukumbuka chakula kimoja ambacho mkewe aliwahi kumwambia kwamba anakipenda. Akatafuta mpaka jua likahama dirishani, asikipate. Hasira ilikuwa imekwisha, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi.

Asubuhi alirudi dukani.

"Nitampikia mie, nitaleta," Bahiya alisema kabla hajaombwa.

"Hapana. Nataka kupika mwenyewe. Nifundishe."

Bahiya akamwagiza anunue chewa badala ya changu waliyekuwa wakimla yeye na mwalimu. "Changu mtamu, lakini ana miiba midogo mingi. Ya chewa ni mikubwa, inaonekana." Ijumaa akaja jikoni kwao na fungu la kotimiri aliyoichuma kwenye ndoo mbovu mlangoni kwake. Walimkalisha Demetria sebuleni, kwenye kiti chenye mito, mlango wa jikoni ukaachwa wazi.

Bahiya hakugusa sufuria. Alisimama tu akaelekeza. Kitunguu maji kikaangwe kwa mafuta kidogo, kisha saumu na tangawizi. Nyanya ziwe zimeiva sana, zikatwe, zikaangwe bila haraka mpaka ziwe rojo. Pilipili aisahau, mgonjwa atapaliwa. Kisha maji ya moto, viazi, na samaki aingie na kichwa chake. Revelian alikata kitunguu kwa vipande vikubwa vya ajabu, na Bahiya akamwacha.

Samaki alipoiva, Revelian alimtoa akamweka kwenye sahani nyeupe, akaanza kuchambua.

"Usitegemee macho," Bahiya alisema. "Bonyeza kila kipande kwa vidole. Ukimaliza, anza tena."

Alibonyeza. Alipomaliza akaanza tena, kisha mara ya tatu bila kuambiwa. Minofu na viazi akaviponda, akavirudisha kwenye mchuzi mpaka ukawa mzito kama uji wa mtoto. Halafu akachukua kotimiri aitie.

Kutoka sebuleni ikasikika sauti, nzito, isiyo neno. Revelian aligeuka. Demetria alikuwa ameinua mkono wa kushoto, kiganja kikimtazama.

"Anakwambia bado," Bahiya alisema taratibu. "Zima moto kwanza."

Akazima moto. Mkono ukashuka. Akatia kotimiri iliyokatwa laini, akakamulia nusu ndimu.

Bahiya aliondoka kabla hawajaanza kula. Revelian alipuliza kijiko cha kwanza, akakigusa kwa ulimi wake kuhakikisha hakiunguzi. Demetria alinusa. Akafumbua mdomo kabla kijiko hakijafika.

Alikula karibu bakuli zima. Yalipobaki mabaki, Revelian alisema, "Mama Koku, niliwahi kukuuliza unapenda kula nini?"

Demetria alimtazama. Kisha akatikisa kichwa kukataa. Hakuonyesha hasira. Alijibu tu, kama mtu aliyeulizwa kama mvua imenyesha.

"Nisamehe," Revelian alisema.

Hakuitikia, wala hakukataa. Alinyoosha kidole kwenye bakuli. Revelian akachota, lakini mkewe akafumba mdomo, akausukuma mkono wa mumewe mpaka kijiko kikafika midomoni mwa mume mwenyewe. Akala. Ilikuwa na shombo kidogo, nyuma ya nyanya na ndimu. Akameza. Demetria alikuwa akimsubiri.

"Tamu," alisema. Haikuwa kweli sana, na Demetria alijua; upande wa mdomo wake ambao haukulegea ukatabasamu.

Alipika kila Ijumaa mpaka mwezi wa kumi na moja, kiharusi cha pili kilipokuja. Ijumaa ya mwisho Demetria hakuweza kumeza tena. Revelian alichovya kitambaa kwenye mchuzi akamlowesha midomo. Alifariki Jumapili, alfajiri.

Koku alifika, na ndugu wakaamua mama azikwe Bukoba. Siku ya safari Masoud na Bahiya walikuja kuaga. Bahiya alisimama kando, ndani ya baibui lake jeusi, hakuingia katikati ya wafiwa. Revelian alimfuata.

"Bi Bahiya, asante kwa zile Ijumaa zake."

"Usinishukuru, shemeji." Bahiya alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Ijumaa Masoud akitoka msikitini anapitiliza kula kwa dada yake. Mwalimu ndiye alikuwa mtu wangu wa kula naye."

Wakasimama pamoja, wakitazama jeneza likiingizwa garini.