Mlango wa Mama Mkwe

Ukikaa ndani ya trela majira mawili ya baridi, mwili wako unajifunza adabu mpya. Unajifunza kupita ubavu. Unajifunza kwamba mmoja akiinuka kuchemsha chai, mwenzake sharti aketi. Mimi na Ches, mume wangu, tulikuwa tumefika mahali pa kupishana bila hata kutazamana: yeye anainua kiwiko, mimi nainamisha kichwa, sufuria inapita katikati yetu bila kumwaga tone. Jirani yetu, Mjomba Hedley, alikuwa akituchungulia dirishani na kusema tunacheza ngoma isiyo na mpigaji.

Trela lenyewe ni lile tulilokuwa tukiliburuta kila kiangazi kwenda kupiga kambi kwenye machimbo ya kokoto kando ya barabara kuu, kama kila mtu wa kijiji chetu, Garland's Arm. Halikuundwa kwa ajili ya baridi yetu. Tulilizungushia marobota ya nyasi kavu, tukalifunika kwa turubai la mashua, na bado bomba la maji liliganda kila upepo ulipogeukia kaskazini. Tulivumilia kwa sababu lilisimama hatua chache tu kutoka kwenye nyumba tuliyokuwa tukiijenga, na nyumba ile, hata kama hati ilikuwa na majina yetu, ilikuwa ya Mama Triphena.

Mama Triphena ndiye aliyemzaa Ches. Alivunjika nyonga palepale, katika nyumba ya zamani, kwenye ngazi iliyosimama wima kama ya melini, na tangu siku hiyo hakutembea tena. Nyumba ile ilikuwa imeoza msingi, tukaibomoa. Yeye akapewa kitanda cha muda katika hospitali ya mjini, akingoja tumjengee pa kurudi. Sasa Desemba ilikuwa imeingia na muda wa kitanda kile ulikuwa umekwisha. Kama nyumba isingekuwa tayari kabla ya Krismasi, angepelekwa kwenye makao ya wazee upande wa pili wa kisiwa, safari ya kutwa kwa gari, tena barabara zikiwa wazi. Wazee wa kwetu waliopelekwa kule tuliwajua. Walirudi kuzikwa.

"Mimi sina haraka," aliniambia nilipokwenda kumjulia hali. Alikuwa amechana nywele na kujipaka mafuta ya midomo, maana yake alikuwa na haraka. "Ila mwambie mumeo ajenge kama anajenga mashua. Asijenge kama anajenga kanisa."

"Anajenga kwa jicho, Mama. Hata ramani hana."

"Baba yake aliunda mashua kwa jicho maisha yake yote na hakuna iliyozama." Akafikiri kidogo. "Moja ilizama. Lakini ile kosa lilikuwa la bahari."

Wiki ile nyumba ilikuwa imepata madirisha na jiko la kuni, na chumba cha Mama kilikuwa kimepakwa rangi ya manjano aliyoichagua mwenyewe. Kwa hiyo hospitali ilipomtuma msichana aitwaye Jocelyn aje kukagua, mimi nilikaanga mkate, nikatoa molasi, ile asali nyeusi ya miwa, nikavaa sweta safi. Jocelyn alikuja na kiti cha magurudumu kitupu, cha saizi ile ile anayoitumia Mama. Kazi yake ilikuwa moja: kukisukuma kutoka nje hadi kitandani, na kutoka kitandani hadi chooni. Kikipita, Mama anarudi.

Tuliingia kwa mlango wa nyuma, kama watu wote wa kwetu. Ubao ulikuwa umewekwa juu ya vidato viwili vya ukumbi, kiti kikapanda bila taabu. Kikavuka jikoni. Kikaingia kwenye ujia unaokwenda chumbani na chooni.

Kikakwama.

Jocelyn alikirudisha nyuma, akakinyoosha, akasukuma tena. Vifundo vya vidole vyake vilikwaruza ukuta wa kushoto na wa kulia kwa pamoja.

"Kiti chako kinene," Ches alisema.

"Ni cha kawaida, kaka."

"Basi kitakuwa kimevimba kwa baridi."

Ches alitoa tepu mfukoni, akapima ujia, akapima kiti, akapima ujia tena kama mtu anayetumaini mbao zitajirekebisha. Na mimi nilikuwa nimepita ujia ule asubuhi na jioni mwaka mzima nikiusifu. Nilimwambia kabisa, "Ches, huu ujia una nafasi ya kucheza." Kumbe tulikuwa tukipita ubavu humo pia. Tulikuwa tumekuwa wembamba wote wawili, tukaijenga nyumba kwa vipimo vya wembamba wetu.

Jocelyn alikula mkate wake kwa adabu. "Nitarudi Ijumaa," alisema mlangoni. "Sitaki kujua mtafanyaje. Kiti kifike kitandani na kifike chooni. Kikifika, natia sahihi. Kisipofika, kipenzi changu, gari la kumpeleka upande wa pili limeshapangwa Jumatatu."

Jioni ile Ches alikaa kwenye kitanda cha trela bila kuvua buti. Nilimletea chai, hakuishika.

"Bomoa ukuta," nikamwambia.

"Ukuta ule umebeba ghorofa na paa. Nikiuondoa na theluji iko juu, Ijumaa Jocelyn atakuta kibanda kimelala chali."

"Basi uweke nguzo."

"Kwa siku tatu? Mimi na nani?" Alitazama pembe zote za trela, kabati lililogusa bega lake, meza iliyogusa goti. "Unajua nimefanya nini, Rhonda? Nimemjengea mama yangu trela lingine."

Mtu akisema kweli ya namna hiyo unamwachia chai ipoe.

Asubuhi nilikwenda kwenye nyumba peke yangu. Nilijifanya kiti. Nilipanua mikono kama mbawa za kuku na kutembea chumba kwa chumba nikiangalia viwiko vyangu vinagusa wapi. Jikoni, nafasi. Ujiani, hapana. Nikarudi sebuleni, ambako mikono yangu haikugusa chochote, nikasimama mbele ya mlango wa mbele.

Mlango ule ulikuwa fahari ya Ches. Aliutoa kwenye kanisa la kisiwa kidogo ambacho watu walikihama zamani, mlango mpana wa kupitisha jeneza na wabebaji wake. Hatukuwahi kuufungua. Nani anafungua mlango wa mbele? Kwetu nyumba zote zina mlango unaotazama ghuba, na hakuna hata mmoja wenye ngazi. Nyuma ndiko watu wanakoingia. Mbele ni kwa mchungaji na maiti, na siku hizi mchungaji naye anapita jikoni. Niliusukuma kwa bega. Barafu ikapasuka kwenye bawaba, mlango ukafunguka, nami nikajikuta nimesimama juu ya utupu, na ardhi iko chini kama urefu wa mtu mzima.

Chini pale Mjomba Hedley alikuwa kwenye trekta lake la kijiko, akitusafishia theluji ya usiku. Alizima mashine ili anikejeli vizuri.

"Rhonda, mwanangu, ndiyo nini tena? Mlango wa mama mkwe unaufungua na mama mkwe hajafika? Unamtupa nje kabla hujamkaribisha?"

Utani huo ni wa zamani kuliko sisi sote. Kila mwanamke aliyeolewa Garland's Arm ameusikia: mlango usio na ngazi ni wa kumtupia mama mkwe nje. Siku hiyo sikuusikia kama utani.

"Mjomba, hiyo theluji unaipeleka wapi?"

"Popote unapotaka. Nilikuwa naipeleka baharini."

"Ilete hapa," nilisema. "Hapa miguuni pangu. Iweke ipande hadi kwenye kizingiti, na itelemke polepole mpaka barabarani."

Alinitazama, akautazama mlango, kisha akatazama ule upana wake. Mjomba Hedley si mtu wa kuelezwa mara mbili. "Kamwamshe mumeo," alisema, na kuwasha trekta.

Ches alikuja akiwa na uso wa mtu anayekuja kukataa. Nilimwonyesha: kitanda cha Mama kikae sebuleni, kinatazama ghuba. Ukuta kati ya sebule na choo haukubeba kitu isipokuwa rangi. Humo atoboe mlango, mpana. Alipiga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Hapa naweza," alisema taratibu. "Lakini Rhonda, mteremko wa theluji?"

"Wa mbao unaweza kuujenga kabla ya Ijumaa?"

"Ardhi imeganda. Nguzo haziingii."

"Basi."

Akaenda kuchukua msumeno. Kabla hajaanza kukata alipima kwa tepu. Mara mbili. Kwa mtu wa kujenga kwa jicho, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Kazi ya nje ikawa ya kijiji. Hedley alisukuma theluji, vijana wa kiwanda cha samaki waliikanyaga kwa buti, sisi tukaimwagia maji ndoo kwa ndoo ili igande tabaka juu ya tabaka. Pembeni tuliisimamishia marobota ya nyasi kavu isimomonyoke, na marobota hayakuwa na pa kutoka ila kandokando ya trela letu. Dada mmoja wa kanisani alileta ndoo za majivu. Mwingine alileta nyavu za chewa, zile nzito za zamani ambazo hakuna anayeruhusiwa kuzitega tena, tukazitandaza juu ili magurudumu yashike.

Alhamisi mchana upepo uligeuka kusini na redio ikatabiri mvua. Mvua mwezi wa kumi na mbili. Ches alitoka sebuleni na vumbi la mbao kwenye kope, akautazama mteremko, akaitazama mbingu.

"Turubai," akasema.

Tulikuwa na turubai moja. Tulilivua trela kama tunavyomvua mtoto nguo zilizolowa, tukaufunika mteremko, tukaukandamiza kwa mawe. Usiku ule trela lilikuwa sanduku la bati tu. Mvua ilinyesha, kisha upepo ukarudi kaskazini, bomba likaganda, na mfereji wa sinki ukaganda nao. Tulilala na makoti na kofia, Ches amenikumbatia mgongo.

"Ukiyeyuka?" alinong'ona.

"Lala."

Asubuhi alitoka kabla yangu. Nilimsikia akivuta turubai. Kisha nikasikia buti zake zikipanda, kop, kop, kop, juu ya kitu kigumu, hadi juu.

Jocelyn alifika saa nne na gari la hospitali, na hakuja na kiti kitupu. Mama Triphena alikuwa amekikalia, amevishwa blanketi tatu na kofia ya marehemu mumewe.

"Nilimkatalia," Jocelyn alisema. "Akaniambia kama kiti kinapimwa, kipimwe na mwenyewe."

Kisha akauona mteremko, na watu waliojipanga pembeni wakijifanya wamepita tu. Alipanda peke yake kwanza. Katikati aliruka mara tatu kwa uzito wake wote. Akatelemka.

"Hii itayeyuka Aprili," alimwambia Ches.

"Mwanzo wa Mei," alisema Mjomba Hedley.

"Mbao zile pale," Ches akajibu, akionyesha rundo. "Ardhi ikilegea tu naanza."

Jocelyn alishika vipini vya kiti. Ches akaweka mikono juu ya mikono yake, naye akamwachia. Alimsukuma mama yake polepole, majivu yakilia chini ya magurudumu, nyavu zikishika, hadi kizingitini. Mlango wa jeneza ukamruhusu na nafasi ikabaki. Kitandani, nafasi. Mlango mpya wa choo, ambao bado ulinukia msumeno, nafasi tena. Jocelyn alitia sahihi akiwa ameegemea jiko la kuni, kisha akaomba mkate.

Mama alijizungusha mwenyewe hadi katikati ya sebule. Alikagua dari, pembe, madirisha. Ches alisimama akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Mama akaona, kupitia jikoni, ule ujia.

"Na ule wa nani?"

"Wetu, Mama," nikasema. "Sisi tunapita."

"Hmm." Aliugeukia mlango wa mbele, uliokuwa wazi bado, kijiji kizima kikimtazama kutoka kwenye mteremko na ghuba nyuma yao. "Kwa hiyo mmeniingizia hapa ninapotakiwa kutupwa."

"Ndiyo, Mama."

Akavua ile kofia na kuiweka juu ya kitanda.

"Ches," alisema, "waite waingie au wafukuze. Lakini funga mlango wangu. Unaipasha moto bahari."