Maneno ya Kilabuni

Mgambo aling'oa misumari, akausukuma mlango kwa bega, na harufu ya mavi ya popo ikamlaki Pelagia kabla hajaingia. Mchwa walikuwa wamekula viti. Mtendaji wa kijiji alipangusa benchi kwa leso, akaketi, kisha akamkaribisha Pelagia naye akae, kana kwamba kilabu kilikuwa chake, si cha Pelagia.

Kilifungwa mwaka juzi kwa sababu ya choo. Ndivyo walivyosema. Pelagia alichimba choo kipya, akakitilia mlango wa bati. Hakuna aliyekuja kukikagua. Kijiji kizima kilijua kwamba kilichofungwa si pombe. Hapa watu waliotoka kulima walizunguka mtungi na mirija yao, wakacheka, wakasuluhisha ugomvi, wakapanga posa na mazishi. Na hapa ndipo walipoanza kuulizana juu ya mawe ya mipaka yaliyochomoza bondeni asubuhi moja, na nani aliyemuuzia tajiri wa Kasulu bonde walimozikwa babu zao. Mlango ulipopigiliwa misumari, kila mtu akabaki kujiuliza peke yake. Baadaye hata hilo wakaacha.

"Nataka kukufungulia, mama," Mtendaji alisema. "Lakini wakubwa wananibana. Haya maneno ya bonde, nani aliyeyaanzisha hapa?"

Pelagia alijibu kwamba walevi husema mengi. Mtendaji alikubali kwa kichwa. Halafu, kwa sauti ya mtu anayeulizia mvua, akasema kwamba Tharsisi, mwanawe Pelagia, alionekana mnadani akiongea na watu. Mgambo pale mlangoni akaacha kutafuna muwa.

Pelagia alitafuta jina. Kila lililomjia lilikuwa na mgongo wa kuchapwa. Ndipo akamkumbuka Felisiani, aliyezikwa masika, mtu ambaye kwa miaka yote aliyokunywa hapa hakuwahi kusema neno ila kuomba aongezewe. Yeye hakuna wa kumkamata tena. Alimwomba radhi moyoni, akamtaja.

"Marehemu," Mtendaji alisema taratibu. "Na shamba lake la bondeni, siku hizi analilima nani?"

Mtendaji hakungoja jibu. Alisimama, akamwambia anaweza kuanza kupika pombe yake.

Siku ya soko mgambo walishuka bondeni na mapanga. Waliopita njiani walisema maharage ya Leokadia, mjane wa Felisiani, yamefyekwa yakiwa na maua, na kwamba ametangaziwa kuwa mali ya mchochezi haina mrithi. Watoto wake walikuwa wamesimama shambani wakiangalia. Pelagia alisikia yote hayo akiwa anamenya ndizi za pombe, na aliendelea kumenya.

Kesho yake asubuhi Leokadia akaja. Alisimama uani, akapiga makofi polepole kama wafanyavyo Waha wanapoamkiana, akasema, "Mwidiwe." Pelagia aliitikia akiwa ameketi, bila kuinua macho.

"Wanasema mume wangu alikuwa mchochezi," Leokadia alisema. "Yule alikuwa hasemi, dada. Unamjua. Twende ukawaambie. Wewe watakusikiliza, si wamekufungulia?"

Akamnyooshea mkono kumsaidia kuinuka. Ulikuwa na udongo wa bondeni, bado mbichi, na katikati ya vidole lilikuwa limenasa ua la haragwe.