Migomba Iliyonyamaza

Mama yangu alipotea ndani ya shamba lake mwenyewe, saa moja asubuhi, na mimi ndiye niliyempoteza.

Alikuwa haoni. Macho yake yalipofuka mwaka aliokufa baba, na kwa miaka tisa baada ya hapo alitoka kila asubuhi kwa mlango wa jikoni, akashuka katikati ya migomba hadi kwenye kaburi la baba kule chini, akalifagia, akarudi kunywa chai. Hakushika fimbo. "Fimbo ni ya ugenini," alisema. "Hapa ni kwangu."

Siku moja nilimfuata kimyakimya nione anavyofanya. Alikuwa anagusa migomba, kila mmoja kwa jina la aina yake. Ntobe ya kwanza, ile iliyoinama, mkono wa kushoto. Nshakala mbili zilizosimama kama watu wanaosengenya, anapita katikati. Kisubi chenye maganda yanayochubuka. Hapo anakata kulia. Na mgomba haukai pale ulipopandwa. Wa zamani unakatwa, chipukizi linatokea ubavuni, na baada ya miaka kadhaa shina zima limesogea hatua. Nilidhani hilo lingemchanganya. Kumbe alikuwa anasogea nayo, kila siku kidogo.

Tulipofika kaburini alisema bila kugeuka, "Anatory, unapumua kama ng'ombe. Kama umekuja kufagia, fagia."

Mnyauko, ule ugonjwa wa migomba, uliingia kijijini kwetu Kamuli mwaka wa mvua nyingi. Unakata mkungu, unakuta ndizi zimeiva kabla ya wakati, na kwenye jeraha la shina unatoka utomvu wa manjano kama usaha. Bwana shamba alikuja kwa pikipiki akafunga utepe mwekundu kwenye mashina yetu tisa. Haya yang'olewe na kufukiwa, alisema, na panga lipitishwe motoni kabla ya kugusa shina jingine. Mimi niliishia darasa la tano, lakini woga haufundishwi shuleni. Jirani yangu aling'oa manne tu yaliyougua, mwezi wa tatu. Kufikia mwezi wa tano hakuwa na ndizi ya kupika. Nikasema mimi sisubiri. Nang'oa yote.

Mama alikuwa amekwenda Nyakasimbi kwa dada yangu Vestina, akae wiki moja. Niliona ni bahati, asisikie panga. Nikamwita Bigirimana, mtu wa vibarua, tukaanza. Chini, karibu na kaburi, tulichimba shimo la kufukia, refu kunizidi.

"Bosi," Bigirimana akasema akiwa ndani, "humu tungemfukia na bwana shamba mwenyewe, pamoja na pikipiki yake."

Tulicheka sana. Siku ya sita tulimaliza kung'oa, tukachoka, tukaliacha shimo wazi, limejaa nusu.

Mama alirudi jioni hiyo kwa bodaboda. Placidia, mke wangu, alinivuta nyuma ya jiko.

"Mwambie sasa hivi."

"Amechoka na safari. Kesho."

"Sema unamwogopa."

Ni kweli nilimwogopa. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, nilikuwa nasubiri kukuche kama mtoto aliyevunja chungu. Tukiwa tunakula, mama aliacha kutafuna akainua kichwa.

"Mbona migomba imenyamaza leo?"

"Hakuna upepo, Mama."

Placidia alinitazama. Mama akakaa kidogo, akisikiliza, kisha akarudi kwenye sahani yake. Aliniamini.

Asubuhi nilikuta mlango wa jikoni uko wazi na ukungu umeingia hadi kwenye mafiga.

Nilitoka mbio, peku. Nilikwenda hatua ishirini, labda thelathini, nikasimama, kwa sababu sikujua niko wapi. Mimi mwenye macho mawili, niliyezaliwa katika kibanja hiki cha migomba, sikujua kaburi liko upande gani. Mbele weupe, nyuma weupe, chini udongo uliofukuliwa. Nyumba ilikuwa imefutika. Nilitembea tena, nikageuka, nikajikuta nakanyaga nyayo zangu mwenyewe.

Halafu nikamsikia. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anataja, kwa sauti ya mtu anayeita watoto waje kula.

"Ntobe. Ntobe iko wapi?" Kimya. "Nshakala." Kimya kirefu zaidi. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akamwita marehemu: "Baba Anatory, wamenileta wapi?"

Nikaita kwa nguvu zangu zote. "Mama! Niko hapa!"

"Anatory?" Sauti ilichangamka. "Endelea kuita, baba. Nakuja."

Nikaita tena. Nikaita mara ya tatu. Nilisikia miguu yake ikija upesi, bila wasiwasi, maana sasa alikuwa amepata kitu cha kushika, na kitu chenyewe kilikuwa mimi. Ukungu ukapasuka kidogo. Hatua tatu mbele ya vidole vyangu niliona ukingo wa shimo. Miguu yake ilikuwa inakuja kutoka ng'ambo.

"Simama! Mama, simama!"

Hakulia. Nilisikia tu mshindo mzito, kama mkungu uliotupwa chini.

Niliporuka humo nilimkuta amelala ubavu juu ya mashina yaliyoanza kuoza, mguu umepinda vibaya. Mkono wake ulikuwa juu ya shina moja, analipapasa taratibu.

"Hii ni nshakala yangu," alisema. "Umeileta huku kwa nini?"

Nikapiga kelele Placidia alete watu. Hata baadaye, alipokuwa na muda mwingi wa kunisikiliza, sikumweleza.

Sasa kibanja kina migomba michanga. Niliipanda kwa kamba, mistari imenyooka. Kuna siku nasimama mlangoni pa jikoni, nafumba macho, najaribu kushuka. Siku niliyokwenda mbali zaidi nilifika hatua ya kumi na moja, nikayafumbua.

Hesabu yenyewe ni hii. Nyonga moja iliyovunjika. Wiki kumi na nne kitandani. Miaka miwili na miezi mitatu katika chumba kimoja, kutoka kitandani hadi dirishani, mkono ukutani. Kisha hatua mia moja na arobaini na mbili kutoka mlango wa jikoni hadi kando ya kaburi la baba, tukiwa wanaume sita tumembeba. Migomba niliyong'oa, mia moja na kumi na miwili.

Iliyokuwa inaumwa ni tisa.