Mshumaa Uliosimama Wima

Nimejenga nyumba miaka ishirini, na hakuna aliyewahi kuniita mtaalamu. Mdogo wangu wa kike, niliyemfundisha mwenyewe kushika timazi, kapata nafasi ya kusomea ukaguzi wa nishati majengoni, basi mama hana wimbo mwingine: "Mtaalamu wetu anaanza Jumatatu!" Kijiba cha roho kikanishika.

Kabla ya kuanza, chuo kilimtaka apime nyumba moja. Anapitisha mshumaa madirishani na milangoni. Mwali ukiinama, hapo upepo unapenya na kiyoyozi kinakula umeme bure. Akachagua nyumba gani? Yangu, niliyoijenga kwa mikono hii!

"Nakuja Jumamosi, kaka."

Nikasema moyoni, utanikoma. Ijumaa sikwenda kazini. Niliziba kila upenyo kwa silikoni na kubandika mpira chini ya milango mpaka vidole vikachubuka.

Jumamosi akazunguka na mshumaa wake. Mwali ulisimama wima kila chumba.

"Umekosa cha kuandika, eh?" nikamuuliza, meno yote nje.

Akafungua daftari. "Jumatano ulipokuwa kazini, wifi alinifungulia. Nilikuta nyufa kumi na moja. Leo nilikuja kukubembeleza uzizibe, maana lazima nipime tena zikishazibwa." Akageuza ukurasa, akaandika sufuri, kisha akanitazama kwa furaha ya kweli. "Hapa wanauliza mtaalamu aliyeziba ni nani. Si nikuandike wewe, kaka?"

Hatimaye niliitwa mtaalamu, na uso sikuweza kuuinua.