Gari la Bosi, Bei ya Bosi

Saa kumi na moja alfajiri Mkurugenzi alikuwa ameshachuchumaa kando ya gari lake, anapima kwa vidole nafasi iliyo kati ya tairi na bodi. Vidole vinne, sawasawa na jana.

"Mama watoto, njoo uone! Halijalala!"

Jina la Mkurugenzi alipewa na mtaa kwa utani. Ukurugenzi wenyewe hakuwahi kuuonja. Miaka kumi na tisa alimwendesha mkurugenzi wa kampuni, na siku ya kustaafu, badala ya kiinua mgongo, akakabidhiwa funguo za gari kuukuu jeusi la kifahari. Watu wakampongeza. Pongezi gani! Gari lile halikukalia springi kama magari ya walimwengu wengine. Lilikalia mifuko ya hewa, na mifuko ikivuja, linajilaza chini kama ng'ombe aliyeshiba. Muuza vipuri alichungulia nje kwanza, akaliona gari, ndipo akataja bei: mfuko mmoja, tena wa mtumba, kodi ya nyumba ya miezi saba.

Friji la mkewe la kuuzia barafu ndilo lililouzwa kununua mfuko huo na pampu yake.

"Mzee wangu," fundi alimwambia akiwa uvunguni, "hili ukiziba huku, linatoboka kule. Liuze chuma chakavu upumzike."

"Wewe kaza nati. Kupumzika nitapumzika nikifa."

Hoteli moja ilikuwa imekubali kumpa kazi ya kubeba wageni wake, kwa sharti kwamba apeleke kibandiko cha ukaguzi kabla ya saa kumi jioni ya siku hiyo. Asipokipeleka, kazi ni ya mwingine, na friji limekwenda bure.

Alipanga foleni tangu kumi na mbili asubuhi. Zamu yake ilifika saa nane mchana, shati limeshamgandia mgongoni. Mkaguzi akainama dirishani, akachungulia kiti cha nyuma.

"Dereva, bosi wako yuko wapi?"

"Bosi ni mimi."

Mkaguzi akacheka mpaka akakohoa. Akapima breki, zikakubali. Taa, usukani, moshi, vyote vikakubali. Mkurugenzi akahisi moyo umetulia kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

"Gari zuri," mkaguzi akasema kwa sauti ya chini. "Sasa tuongee kiutu uzima. Gari kama hili haliondoki hapa kwa hela ya soda."

"Lina kosa?"

"Kosa halikosekani, mzee."

"Niandikie, nikalitengeneze."

"Kosa lako ni ubishi."

"Basi andika ubishi, na mhuri ugonge."

Mkaguzi akamkazia macho. Kisha akaichukua ile fomu, akaichomeka chini kabisa ya rundo. "Rudi nyuma ya foleni. Utakaguliwa upya."

"Saa kumi nina kazi, mwanangu. Nakuomba."

"Foleni, mzee."

Hapo hapo gari jipya jeusi likaipita foleni nzima, mtu mnene kiti cha nyuma anasoma simu. Mkaguzi akalikimbilia, akapiga saluti, akapitisha kibandiko dirishani bila hata kugusa boneti. Dereva wa gari hilo akaondoka akitazama mbele, shingo imenyooka.

Mkurugenzi aliijua shingo ile. Miaka kumi na tisa alipita hapo hapo, akipokea vibandiko dirishani, na hata siku moja hakugeuka kuwatazama waliokuwa wanaungua na jua. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

Simu ikalia. Mkewe.

"Umepata?"

"Bado. Hoteli ndiyo basi tena."

"Unarudi nyumbani?"

"Sirudi. Leo wakifunga, nitalala humu humu. Ama wanipe kibandiko, ama waniandikie kosa."

"Haya. Nakuletea chakula."

Akaligeuza gari, akalipeleka taratibu kupita malori, pikipiki na vigari vya mizigo, magari arobaini na moja, na safari hii alimtazama kila mtu usoni. Wa mwisho alikuwa dereva wa lori la mchanga, miguu ameitoa nje.

"Ah, bosi! Hata wewe unapanga foleni?"

"Mimi si bosi, ndugu yangu," Mkurugenzi akasema, akazima injini. "Niko nyuma yako."