Kasuku wa Maneno Yaliyomezwa

Asubuhi ya siku aliyomaliza eda, Sauda alitembelewa na wifi yake Kauthar pale Majengo. Kauthar alikuja na bakuli la maandazi, akaketi mkekani, akamsalimia kasuku kwa mbali. Kwa mbali, maana ndege yule wa kijivu, mwenye mkia mwekundu, alimpenda mtu mmoja tu duniani, naye ni Sauda. Wengine wote aliwang'ata. Mwaka ule Sauda alipokwenda msibani Tabora, kasuku alijinyonyoa manyoya ya kifua mpaka akabaki kama kuku wa sikukuu. Sauda aliporudi, akanuniwa siku kadhaa.

Kusema alisema, ila si kwa kuiga kama kasuku wengine. Yeye alisema yale ambayo mtu ameyameza. Mgeni angesifia pilau, akaaga, na baadaye kasuku angesema kwa sauti ya mgeni yule yule, "Chumvi utadhani dawa." Majengo walishamzoea. Mwenye lake moyoni alisalimia akiwa barabarani. Na kasuku alikuwa mzito: neno aliweza kukaa nalo mwaka mzima, akilinong'ona peke yake, mpaka limwivie.

Marehemu Mustapha, muuza vitenge, kila alipoingia ndani, kabla hata ya kuvua kofia, alilifunika tundu la kasuku kwa kanga. "Baridi itamuua," alisema, hata mwezi wa kumi Mpanda inapotokota. Alidhani ndege asiyeona hasikii. Sauda aliona ni huruma, akazidi kumpenda mumewe.

Mtoto hawakupata. Ndugu wa mume walisema tumbo la Sauda ni jiwe, na yeye akaamini. Kauthar alimletea mizizi kutoka Mpimbwe, michungu ya kupinda ulimi, naye akainywa miaka yote ya ndoa, akijichukia kwa kila funda. Hata ndani ya eda alikuwa bado anainywa, ingawa hapakuwa tena na wa kumzalia. Mazoea yana taabu.

"Wifi, nimetumwa," Kauthar alisema, akimega andazi. "Nyumba ni ya ukoo, na wewe hukutuzalia mtu wa kubaki humu. Urudi tu kwenu Ilembo. Kaka ameondoka bila jina kwa ajili ya tumbo lako."

Sauda alinyanyua kikombe cha mizizi.

Kasuku alijikuna shingo, akasema kwa sauti ya Mustapha, ile nzito yenye kikohozi katikati: "Hospitali walinipima mimi. Mimi ndiye nisiyezaa. Nilijua kabla sijamwoa. Nitamwambia kesho."

Kauthar alitafuna andazi mpaka likaisha.

"Ni kaka," alisema. "Alikuwa hivyo hivyo, kila kitu kesho."

"Ndiye," Sauda alisema, akaweka kikombe chini.

Hasira ilimjia, ikakaa kidogo, ikapisha. Ikafuata pumzi ndefu iliyoshuka mpaka tumboni, kwenye tumbo lile lile lililosingiziwa, na tumbo halikuwa jiwe. Alifurahi mpaka akaona haya.

"Sasa wifi, utawaambia?"

"Marehemu hasemwi," Kauthar alijibu, akikung'uta makombo. "Nitamvuaje nguo kaka yangu naye yuko kaburini? Na nyumba ni ile ile. Wewe fungasha tu."

Sauda aliimwaga mizizi mlangoni. Akavua nguo nyeupe za eda, akajifunga ile kanga iliyokuwa ikifunika tundu, akamwita bodaboda. Njia nzima kasuku alikaa tunduni bila kufunikwa, akimfokea dereva.

Majengo mpaka leo wanasimulia habari za mwanamke mgumba aliyemmalizia Mustapha ukoo wake. Nyumba imepangishwa.

Ilembo, kwa mama yake, Sauda hunywa chai asubuhi uani, sukari ya kutosha, tundu likiwa pembeni. Asubuhi moja, mvua za kwanza zimeshanyesha na watu wako mashambani, kasuku aliacha karanga yake akasema kwa sauti ya Kauthar, taratibu kabisa:

"Tulijua. Toka mwanzo sote tulijua."

"Umechelewa, baba," Sauda alimwambia. Akammenyea karanga nyingine, akarudi kwenye chai yake, akainywa yote. Ilikuwa tamu.